Kitabu Kilichosema Mama Hajui

Siku mwalimu alipofungua kile kitabu mbele ya wazee wa kilima, waamuzi wetu wa ugomvi, mama yangu alikuwa amekaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, kitenge amejifunika mpaka kwenye vidole. Mimi nilisimama nyuma yake na binti yangu mgongoni. Tulikuwa tumekuja kudai shamba. Si shamba kubwa. Mtu mwenye haraka analivuka kabla hajamaliza hindi moja la kuchoma. Lakini lilikuwa la babu, mzazi wa baba yangu, na ndilo baba aliloliacha alipokimbilia Tanzania, na baba alifia kambini, na mama amerudi Butihinda bila yeye. Familia ya mwalimu inalima mihogo humo tangu mimi sijazaliwa.

Mwalimu alivaa miwani. Kitabu kilikuwa kipya, jalada linang'aa, na kwenye jalada kuna picha ya mwanamke aliyebeba godoro kichwani. Kilikuwa kitabu cha historia ya watu waliorudi, kimeandikwa kwa Kifaransa na msomi wa Gitega, na nakala moja ililetwa kwenye shule ya mwalimu. Akasoma kwanza kwa Kifaransa, polepole, ili asielewe mtu. Halafu akatafsiri.

"Kinasema hivi. 'Bibi mmoja wa Butihinda anadai ardhi ambayo hajui hata jina la mtu aliyekuwa mwenye nayo. Miaka ya ukimbizi imemfutia kumbukumbu. Hata lugha yake imeharibika: mvua anaiita maji ya juu.'"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha.

"Bibi mmoja wa Butihinda," mwalimu akarudia, akamtazama mama. "Ukurasa una picha yako, mama. Sikuandika mimi."

Nasimama hapa kidogo nieleze, maana wapo watakaosoma ambao hawakukulia kwetu. Mwanamke wa Kirundi wa umri wa mama yangu hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki akiwa jikoni, hatamki akiwa shambani, hatamki hata huyo mzee akiwa ameshazikwa. Na kama jina hilo limebeba ndani yake neno la kila siku, neno hilo nalo analiacha, anatafuta jingine. Jina la babu yangu limebeba mvua. Basi tangu siku ya harusi yake mama hajawahi kusema mvua. Amesema maji ya juu. Kambini alisema maji ya juu, na hema letu lilipovuja alisema maji ya juu yameingia, na sisi watoto hatukushangaa, kila nyumba ilikuwa na maneno yake ya namna hiyo.

Huko ndiko kumbukumbu ilikofutika, eti. Mwanamke aliyebeba jina la mkwe wake mdomoni miaka yote bila kulidondosha hata mara moja.

Mkubwa wa wazee alimgeukia mama. "Mama, haya maneno uliyasema?"

"Nilisema silitamki."

"Kitabu kinasema hujui."

"Mimi nilisema silitamki," mama akarudia, sauti ileile, kama anamwelekeza mtu njia ya kisimani.

Mimi sina sauti ya mama. Nikapiga hatua mbele, nikasema, "Mimi namjua! Mimi ni mjukuu, mimi sikatazwi!" Nikalitaja jina la babu yangu kwa nguvu mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Mama aliinamisha kichwa, kwa adabu, kama mzee mwenyewe kapita. Humu kwenye maandishi silitaji.

Mwalimu akatabasamu. Ana tabasamu la kusahihisha daftari. "Huyu kazaliwa kambini, wazee. Anajua alichofundishwa. Kesho nikimfundisha jina la babu yangu mimi, atalitaja vilevile."

"Na wewe nani alikufundisha kulima kwa watu?"

"Binti, nyamaza," akasema mzee mmoja.

"Sinyamazi."

"Wewe utaolewa," akasema mwingine. "Shamba la hapa linakuhusu nini?"

"Niliolewa. Mtoto huyu hapa. Mwanamume yuko Tanzania na akae hukohuko. Tuongee shamba."

Mkubwa wa wazee alikohoa. Nilitegemea aseme lile ambalo kila mtu pale alilijua, kwamba mkwe hatajwi, mke wake mwenyewe nyumbani hatamki jina la baba wa huyu mzee. Aliijua mila hiyo kuliko mimi. Lakini alikitazama kitabu mikononi mwa mwalimu, akaona jalada, akaona picha, akaona maandishi madogo yamepangwa mstari kwa mstari, na nikaona kabisa mtu mzima akiogopa karatasi.

"Mila tunaijua," akasema. "Lakini hiki kimeandikwa na msomi, kimepigwa chapa. Sisi hatuwezi kusema msomi kakosea. Kama kakosea, aseme mwenyewe. Tutakaa tena baada ya kuvuna maharage. Msipoleta neno lake, shamba litabaki kwa anayelilima."

Maharage yalikuwa yameshaanza kukauka miguuni pake.

*

Najua ilivyotokea, kwa sababu nilifika ikiisha. Ilikuwa kiangazi kilichopita. Nilikuwa nimeenda kisimani na bidoni mbili, na nikirudi nikakutana na pikipiki ya taksi inashuka kutoka kwetu, kijana mmoja nyuma ameshika mkoba kifuani. Akanipungia mkono. Nikampungia. Nikifikiria leo mkono huo unaniuma.

Nyumbani mama alikuwa anaosha sahani.

"Alikuwa nani?"

"Kijana wa vitabu. Kaja kuuliza habari za kurudi. Kijana mzuri, kala viazi vyote."

"Kakuuliza nini?"

"Mengi. Kauliza na jina la mzee. Nikamwambia silitamki, amngoje binti yangu. Akasema sawa mama, akaandika kwenye karatasi, akanipiga picha. Pikipiki ilikuwa inampigia honi."

Hakungoja. Hilo ndilo kosa lote, mtu hakungoja bidoni mbili zifike. Nilimsimulia mkulima jirani akasema labda alikuwa na vilima vingi vya kupita. Labda. Mimi pia nilikuwa na kilima cha kupanda na maji kichwani, lakini nilifika.

Na mimi si adui wa vitabu. Hili liandikwe wazi, maana mwalimu anatembea akisema kwamba yule mwanamke wa kambini anapiga vita elimu. Mimi nimemaliza sekondari. Kambini tulikuwa na maktaba ndani ya kontena la bati, saa sita mchana lilikuwa oveni, na nilikaa humo nikisoma maisha ya watu waliokufa: wafalme, wapishi wa wafalme, mwanamke aliyetembea kwa miguu nchi nzima akitibu watu macho. Hadithi za kutunga nilizipenda kidogo tu. Nilipenda vya kweli. Nilikuwa na tabia ya kugonga ukurasa kwa kidole nikisoma jambo la ajabu, kama mtu anayegonga mlango, nikijiambia: hili lilitokea. Mtu alikuwepo, akaona, akaandika. Niliamini hivyo kama watu wengine wanavyoamini ibada.

Ndiyo maana hasira yangu haikuwa ya shamba peke yake. Ningegonga wapi sasa?

Nilikwenda shuleni kuomba kile kitabu. Mwalimu akasema hakitoki nje ya ofisi, niandike barua. Nikamwambia nitasoma nikiwa nimesimama hapohapo. Akanifungulia ukurasa wa mama peke yake, akaushika yeye mwenyewe kwa vidole viwili, na mimi nikaunakili kwenye daftari, Kifaransa changu cha kukariri kikitoka jasho. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Jina la mwandishi lilikuwa juu kwa herufi kubwa. Nyuma ya jalada kulikuwa na tangazo: vitabu vipya vitaonyeshwa Gitega, waandishi watakuwepo, na siku yenyewe imeandikwa.

"Utaenda kufanya nini Gitega?" mama akauliza.

"Kumleta msomi."

"Msomi haletwi kama mbuzi, mwanangu."

"Tutaona."

"Waache. Mimi najua ninachokijua."

Nikamjibu vibaya. Nikamwambia, "Unachokijua kinaota mihogo ya watu." Akaenda kuchambua maharage. Nilijuta, lakini neno langu sikulifuta.

*

Mafuta ya gari yalikuwa adimu wiki ile. Nilipanda baiskeli mpaka njia kubwa, pikipiki mpaka Muyinga mjini, na pale nikakaa nusu siku kituoni nikitazama magari yasiyo na pa kwenda. Aliyenichukua ni muuza duka mmoja wa Muyinga, Mwislamu, Mhindi kwa asili, tuliyekuwa tunanunua kwake sabuni. Lori lake lilikuwa linaenda Gitega kuchukua sukari, akaniweka mbele na mtoto. Alinisikiliza njia nzima mpaka Karuzi, mimi nikitukana vitabu kwa Kiswahili cha Tanzania na Kirundi.

Halafu akasema, "Dada, mama yako kapewa ukurasa mzima. Babu yangu alifungua duka hapa Muyinga kabla barabara haijawekwa lami. Kwenye vitabu vyao sisi wote tunaitwa wafanyabiashara. Neno moja, ukoo mzima."

"Sasa si uandike wewe."

"Na nani atapima sukari?"

Tukacheka. Lakini nililiweka lile kwenye daftari nilipofika, kwenye ukurasa unaofuata ule wa mama.

Ukumbi wa Gitega ulikuwa na viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Mlangoni kulikuwa na meza ndefu ya vitabu vipya, na nakubali, moyo wangu ulipiga. Kulikuwa na kimoja cha historia ya ng'ombe wa kifalme. Kimoja maisha ya askofu. Kimoja mwanamke kasimulia utoto wake kwenye mashamba ya chai. Kimoja kinene cha ngoma, nani anazichonga, mti gani. Na cha kwetu, pembeni, yule mwanamke na godoro lake, nakala kumi au kumi na mbili zimepangwa kama matofali.

Dada wa mezani aliniona nilivyo: kitenge chenye vumbi la Karuzi, kandambili, mtoto.

"Madame, pole, hii salle ya mkutano iko ya watu wenye invitation."

"Mi siko na invitation. Niko na ukurasa."

"Ukurasa gani?"

"Wa mia na kumi na mbili."

Akanitazama, akatazama kitabu, akafungua kutafuta. Akaona picha ya mama. Akaniangalia tena pua na macho, maana mimi na mama tumekatwa kitambaa kimoja.

"Ah bon," akasema. "Basi kaa kule nyuma. Mais, lakini mtoto akilia, unatoka naye, sawa?"

"Akilia nampa ziwa."

Nilichukua kitabu kutoka kwenye meza bila kuomba, nikakaa kiti cha mwisho, na kwa sababu hotuba zilikuwa ndefu, nikaanza kusoma kutoka mwanzo. Hakuna mtu aliyekuwa ameshika kurasa zangu kwa vidole viwili. Nikasoma sura ya kwanza, nikasoma ya pili. Mtoto akanyonya, akalala. Sura ya tatu ilikuwa ya utamaduni. Ukurasa wa arobaini.

Nilisoma mara ya kwanza, nikafikiri Kifaransa changu kinanidanganya. Nikasoma mara ya pili kwa kidole. Ilikuwa imeandikwa, kwa maneno mazuri kabisa, kwamba zamani mwanamke wa Kirundi hakuwa akitamka jina la baba mkwe wake, wala maneno yanayofanana na jina hilo, na kwamba kwa heshima hiyo alibuni maneno mapya, na kwamba ni huzuni mila hii nzuri imepotea.

Imepotea! Kurasa sabini na mbili mbele mama yangu yuko hai anaifanya, na mtu huyohuyo anamwita mjinga.

Mwandishi alikuwa anaongea mbele. Mtu mzima, mpole, suti ya kahawia, sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alisema kitabu chake kinawapa sauti wasio na sauti. Hapo nikasimama.

"Baba, samahani. Mimi ni sauti."

Watu wakageuka. Msema chochote wa shughuli akanyoosha mkono, "Maswali ni baadaye, madame."

"Si swali. Nasoma tu." Nikasoma ukurasa wa arobaini, kwa Kifaransa changu hichohicho, nikikosea nilipokosea. Baadhi yao walitikisa kichwa kwa kuridhika, walidhani namsifu. Halafu nikafungua mia na kumi na mbili nikasoma ule. Sikuongeza neno. Nilipofika maji ya juu, mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye fimbo, akapiga kofi paja lake akasema kwa Kirundi, "Lo! Bibi wa watu hamtaji mkwe wake!" Na ukumbi ukapasuka. Safari hii kicheko hakikuwa cha mama.

Mwandishi alikuwa amekamata meza. Sitasema uongo, hakunitukana. Alivua miwani, akazisoma kurasa mbili zile kwenye nakala yake, moja, nyingine, akarudi ya kwanza.

"Huyu ni nani wako?" akauliza.

"Kanizaa. Na kwa ukurasa huu ananyang'anywa shamba."

Akamwita mtu. Kutoka upande wa kulia akainuka kijana mwenye tai. Nikamjua kwa mkoba.

"Wewe ulikula viazi vya mama," nikasema.

"Madame..."

"Vyote."

Watu wakacheka tena, na maskini masikio yake yalikuwa kama pilipili. Alisema amepita vilima vingi, na karatasi waliyopewa ya kujaza ilikuwa na visanduku viwili tu kwenye swali la jina la mwenye ardhi. Kimoja: anajua, andika jina. Kingine: hajui. Mama hakusema jina. Hakuwa na jina la kuandika. Akaweka alama kwenye cha pili.

"Hakukuwa na cha tatu," akasema, na nilimwona alivyo, mtoto wa mjini, mama yake mwenyewe pengine anamwita mkwe wake kwa simu na jina kamili.

"Ulimrekodi?"

Alimtazama mwandishi. Mwandishi akasema, "Toa."

Alitafuta kwenye simu muda mrefu. Halafu, ndani ya ukumbi ule wenye vitambaa vyeupe, mama yangu akasema kwa sauti yake ya kuelekeza njia: "Silitamki, mwanangu. Huyo ni baba mkwe wangu. Binti yangu yuko kisimani, mngoje, yeye atakutajia." Ikasikika honi ya pikipiki. Ikasikika sauti ya kijana: "Sawa mama, naandika hajui. Picha moja tu."

Mtoto wangu aliamka, akasikia sauti ya bibi yake, akaanza kumtafuta chini ya viti.

*

Mwandishi alinichukua pembeni, kwenye ile meza. "Madame, nimeaibika. Toleo la pili tutarekebisha."

"Toleo la pili linatoka lini?"

"Inategemea."

"Maharage hayategemei. Andika sasa."

Akachukua nakala, akatoa kalamu nzuri, akaanza kwa Kifaransa, mistari mitatu mirefu, kuhusu ugumu wa mbinu za utafiti. Nikamsomea begani. Nikamwambia, "Kata. Wazee wetu hawasomi hiyo. Andika kwa Kirundi, na mafupi." Dada wa mezani aliweka mkono mdomoni. Msomi wa watu akakata mistari yake mitatu kwa mstari mmoja, akaandika chini ya picha ya mama: Mama huyu analijua jina. Hakulitaja kwa heshima ya mkwe wake. Kosa ni langu. Akaweka saini.

"Na mhuri," nikasema.

"Mimi sina mhuri, binti yangu. Mimi ni mwandishi."

"Wazee wanataka mhuri."

Dada wa mezani akanong'ona, "Mhuri iko, mais iko ya kupokelea barua tu."

"Piga."

Akapiga. Wino wa bluu, duara, katikati limeandikwa kwa Kifaransa: imepokelewa. Sijawahi kuona mhuri mzuri kama ule.

Kijana alinitumia sauti ya mama kwenye simu yangu. Akaniomba msamaha. Nikamwambia akamwombe aliyempikia. Sikutaka kumfariji, nilikuwa na safari.

Wazee walikaa tena maharage yakiwa kwenye mikeka. Mwalimu alipoona kile kitabu mkononi mwangu, nakala yangu mwenyewe, akasema ana maumivu ya macho, hawezi kusoma. Mkubwa wa wazee akatazama huku na huku. Akasema, "Basi asome binti." Nikasoma. Wakakizungusha kitabu, kila mmoja akigusa mhuri kwa kidole gumba, na hakuna aliyeuliza unasema nini. Halafu nikawasha simu, sauti ya mama ikatoka, na mama mwenyewe pale kwenye nyasi akajifunika uso na kitenge kwa aibu ya kujisikia.

"Si ndivyo nilivyosema?" akauliza akiwa humo ndani. "Nilisema silitamki."

"Ndivyo ulivyosema, mama," mkubwa wa wazee akajibu. Angeweza kujibu hivyo mara ya kwanza. Nilimwangalia mpaka akatazama kando.

Walitupa nusu. Wakatembea mpaka shambani, wakapanda mimea ya mpaka katikati ya mihogo, upande wa chini kwetu, upande wa juu kwa mwalimu, kwa sababu familia yake nayo imelima muda mrefu na watoto wake nao wanakula. Kila mtu akasema ni haki nzuri, majirani wakae kwa amani. Mama akashukuru kwa mikono miwili. Mimi sikushukuru. Upande wa juu ndiko alikozikwa babu. Nilisema hivyo mbele yao, na nimesema hivyo kwa karatasi kwenye mahakama ya komine, iliyo juu ya wazee wa kilima, na karatasi hiyo niliiandika mwenyewe, mahakamani wakaipokea, wakaipiga mhuri uleule wa kupokelea. Sasa mnanielewa kwa nini naandika.

Naandika kwenye daftari lilelile. Limefika katikati. Nina ukurasa wa muuza duka na babu yake wa Muyinga, nimemwambia nitarudi anipe zaidi ya neno moja, hata akiwa anapima sukari. Nina wanawake wawili wa Buhinyuza waliokubali niwaulize, na nitakaa mpaka wamalize, hata kama ni siku tatu. Siendi na visanduku. Mwalimu anauliza watu nani atachapa mambo ya mwanamke wa kandambili. Aulize tu. Kurasa za kwanza ni zake.

Jana mchana mama alikuwa anapepeta maharage ya upande wa chini, nikamsomea hizi. Alisikiliza bila kusimamisha ungo. Nilipofika mwisho akauliza, "Umeliandika?"

"Sijaliandika popote. Hata moja."

"Na maji ya juu?"

"Hayo nimeyaandika."

"Wenye akili watalikaribia jina."

"Walikaribie."

Akafikiri. "Na yale uliyonijibu, kuhusu mihogo?"

"Nayo yamo."

"Vizuri," akasema, na sikujua kama ni msamaha au ni kwamba ameridhika limeandikwa. Angani kulikuwa kumeshakuwa kweusi upande wa Tanzania. Upepo ukainua maganda kwenye mkeka. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, tumbo wazi, ananyoosha kidole juu, akapiga kelele kwa Kirundi, wazi kabisa, bila woga wowote: "Mvua! Mvua! Mvua!"

Mama akaziba mdomo, mabega yakamtetemeka kwa kicheko.

"Nimkanye?" nikauliza.

"Mwache. Huyo hajaolewa. Kaanue nguo, maji ya juu yanakuja."

Nikaingiza daftari ndani kwanza. Nguo baadaye.